Mageuko au mageuzi ya protini?

Swali: Ninatafsiri somo la baiolojia linaloeleza jinsi protini zinazodhibiti jeni za bakteria zilivyobadilika kwa vizazi vingi. Nimeandika "mageuko ya vidhibiti", lakini mhariri anataka "mageuzi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mimi ningebaki na mageuko. Mzizi wa maneno haya ni mmoja, ila vitenzi ni viwili: mageuzi yametokana na kugeuza, tendo lenye mtendaji na mtendwa, ndiyo maana neno hilo likawakaa vizuri mdomoni wadai wa mfumo wa vyama vingi vya siasa, ilhali mageuko yametokana na kugeuka, hali inayokipata kitu bila kutajwa aliyekigeuza.

Chukua kidhibiti cha jeni za laktosi, sukari ya maziwa, katika bakteria Escherichia coli, ambacho François Jacob na Jacques Monod walieleza utendaji wake mwaka 1961. Hujibana kwenye DNA na kuzima jeni hizo. Laktosi ikiingia, sukari inayotokana nayo hukishika, nacho huachia DNA, na vimeng'enya vya kuivunja laktosi huanza kutengenezwa. Bakteria huyo huyo ana kidhibiti kingine, PurR, chenye umbo linalokaribiana sana na hicho na asili moja nacho, lakini mwenendo wake ni kinyume: hukamata DNA barabara pale kinaposhikwa na guanini au haipozanthini, kemikali ndogo zilizomo ndani ya seli. Jeni ya kale ilirudufika, nakala zikakusanya mabadiliko madogo madogo, kila moja ikashika njia yake. Mgeuzaji hayupo. Kwa hiyo usiandike "bakteria waligeuza protini zao ili wafaidi laktosi". Andika "protini ziligeuka, na bakteria waliofaidika wakazaana zaidi".

Kidhibiti nacho umekipatia. Mdhibiti ni mwenye cheo, kama Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilhali kidhibiti ni kifaa, mithili ya kidhibiti mwendo cha basi. Upatanisho nao uufuate: bakteria hawa, kwa kuwa ni viumbe hai, lakini protini hizi.

Ukifika kwenye kazi ya Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018 kwa kuyaelekeza mabadiliko ya vimeng'enya maabara kwa makusudi, hapo mwachie mhariri mageuzi yake, maana mgeuzaji yupo.