Jioni ya Nafasi Ugenini na Huna Gari: Panga Kurudi Kwanza

Shughuli iliyokupeleka imekwisha, jua bado lipo, na una saa tatu au nne za kufanya utakalo katika mji usioujua. Gari huna. Wengi hapa hujifungia chumbani na simu mpaka usingizi uwachukue. Wengine hutoka kwa pupa kufuata kitu kizuri kilicho mbali, na saa nne usiku wanajikuta kwenye kituo kisicho na basi. Yote mawili yana dawa moja: jua utarudije kabla hujaamua uende wapi.

Kwa hiyo ratiba ya kwanza kuitafuta ni ya kurudi. Itazame kwa makini, maana ndiyo inayoharibu jioni nyingi. Hakikisha unasoma ratiba ya siku yenyewe, kwa sababu Jumamosi, Jumapili na sikukuu huwa na zake. Tazama pia mabasi yanapishana kwa muda gani usiku: njia yenye basi kila dakika 10 mchana inaweza kuwa na moja kwa saa baada ya saa mbili usiku. Kisha angalia safari inaishia wapi, kwani baadhi ya safari za usiku hukatishwa katikati ya njia, na jina la kituo cha mwisho huandikwa kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye haraka hazioni. Safari za baada ya saa sita usiku zina mtego wake. Ratiba nyingi huzihesabu kuwa bado ni za siku iliyotangulia, na nyingine huziandika 24:30 au 25:10, yaani saa sita na nusu na saa saba na dakika kumi usiku. Ukitoka Ijumaa, basi la saa sita na nusu utalikuta kwenye ratiba ya Ijumaa, ingawa kalenda imeshahamia Jumamosi.

Panga kupanda basi linalotangulia la mwisho. Likifutwa au likikupita limejaa, bado unalo moja. Anayepanga la mwisho kabisa hana akiba yoyote.

Na ukishuka uendako, usikimbilie kutembea. Tafuta kwanza kituo cha kurudia, wakati bado kuna mwanga. Mara nyingi kiko ng'ambo ya barabara, lakini kwenye mitaa ya njia moja basi hurudi kwa barabara nyingine, pengine mtaa wa pili au wa tatu. Kukitafuta gizani huku dakika zinahesabika ni kazi ngumu bila sababu.

Sasa umbali. Mtu mzima hutembea kilomita 5 hivi kwa saa, ila ugenini hesabu 4, kwa sababu utasimama kusoma ramani na kungoja taa za barabarani. Kama una saa tatu, safari ya kwenda isizidi nusu saa, yaani kilomita 2 za barabara. Barabara hazinyooki kama rula: umbali unaoupima moja kwa moja kwenye ramani uongeze theluthi. Kwa hesabu hiyo, chora duara la kilomita 1.5 kutoka unapolala, au kutoka kituo utakachoshukia, uchague vilivyo ndani yake.

Ndani ya duara hilo tafuta vizuizi kabla ya vivutio. Mto, reli na barabara kuu ya magari ya kasi vinaweza kuifanya sehemu iliyo mita 300 kutoka kwako iwe mwendo wa nusu saa, kwa sababu daraja liko mbali. Bustani kubwa nazo zina hila: programu ya ramani inaweza kukupitisha katikati yake, nawe ukakuta lango limefungwa tangu jua lilipozama. Ikiwa njia yako ya kurudi inapita bustanini, tayarisha nyingine.

Kuhusu mahali penyewe, naona ni heri mtaa wenye mambo kadhaa ya kawaida yaliyokaribiana kuliko kivutio kimoja mashuhuri kilicho peke yake. Kivutio kikiwa kimefungwa, jioni imekwisha. Mtaani utahamia mlango wa pili. Makumbusho nyingi hufunga mapema, ingawa baadhi huwa na siku moja ya juma ya kufunga usiku, na kiingilio cha mwisho huwa kabla ya saa ya kufunga. Piga simu uulize. Maktaba na vyuo husahaulika sana: mihadhara ya wazi na muziki wa wanafunzi mara nyingi ni bure, na hakuna atakayekushangaa umekaa peke yako.

Simu iandae ungali kwenye intaneti. Google Maps iliyopakuliwa haitoi maelekezo ya kutembea kwa miguu bila mtandao, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshapotea. Programu nyingine za ramani, kama Organic Maps na OsmAnd, hutoa. Kidoti cha mahali ulipo hakihitaji data, kwa kuwa simu hupokea mawimbi ya setilaiti, lakini katikati ya majengo marefu mawimbi hudunda ukutani na kidoti kikarukia mtaa wa jirani. Hapo amini kibao cha jina la mtaa. Mshale ukielekea kusiko, zungusha simu hewani kama unaandika tarakimu 8. Ratiba ipige picha ya skrini, na chaji ikifika asilimia 30, anza kurudi.

Giza nalo lina hesabu yake. Karibu na Ikweta jua huzama wima, na mwanga wa kuonea njia huisha dakika 20 hadi 25 baada ya machweo. Mbali na Ikweta huzama kwa mshazari, na wakati wa kiangazi mwanga huo unaweza kudumu saa nzima na zaidi. Aliyezoea huku akienda kule hukosea makadirio. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande unaotazamana na magari yanayokuja.

Mhudumu wa mapokezi usimuulize kama mtaa ni salama. Atakujibu ndiyo kwa adabu. Muulize: "Wewe ungekuwa unarudi kwa miguu saa tatu usiku, ungepita njia gani?" Jibu lake litakuwa na majina ya mitaa.

Ukipotea, usiendelee mbele ukitumaini njia itajitokeza. Rudi mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo, au ingia penye taa na watu kabla hujatoa simu. Nauli ya teksi ya kurudi itenge tangu mwanzo, usiiguse. Ukiita teksi kwa simu, linganisha namba ya gari, kisha umuulize dereva amekuja kumchukua nani kabla hujamtajia jina. Anwani ya unapolala iwe kwenye karatasi, kwa maandishi ya wenyeji wa hapo, katika mfuko usio na simu.