Nyumba ya wazee kila wilaya?

Ndugu yangu, unauliza kwa nini SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) isijenge nyumba ya wazee kila wilaya. Makaazi yapo: Sebleni na Welezo kwa Unguja, Limbani kule Wete kwa Pemba. Ila wazee wetu wengi wanakaa na watoto wao, na huko pensheni jamii ndiyo inayowafikia. Ilianza 2016 kwa waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, siku hizi 50,000.

Mimi ningeanza na wahudumu kabla ya matofali. Mzee asiyeinuka kitandani anataka mtu wa kumgeuza usiku asifanye vidonda mgongoni, wa kumwosha, wa kumtilia maji ya udhu. Rangi mpya ya ukuta (wapiga picha wanaipenda hiyo) haimgeuzi mtu. Na wahudumu hao walipwe vizuri, la sivyo hawakai.