Mlevi wa jana akikwambia haoni vizuri, amka

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Malindi, na mgonjwa ninayeogopa zaidi kumkosea ni yule anayeletwa akinuka pombe. Tukishaisikia ile harufu tunasema, "Amelewa, mwacheni alale," tunageukia wengine.

Alfajiri moja mama alimleta mumewe, kijana wa bodaboda. Alikunywa jana yake mchana, tena si mnazi wa mangwe aliouzoea, bali pombe kali ya chupa isiyo na lebo. Usiku alilala salama. Kulipopambazuka akaanza kutapika na kushika tumbo. Nikamtundikia dripu. Akawa anafikicha macho, akaniuliza, "Sista, nani anachoma taka? Moshi umejaa humu."

Hapakuwa na moshi.

Ilinichukua karibu saa nzima kuyaelewa maneno yale, na saa ile inaniuma hadi leo. Ilikuwa methanoli, pombe ya sumu ya viwandani. Niliijua kama msiba wa bara: mwaka 2014 iliua watu zaidi ya 60, Embu na Kitui zikiwemo, na wengine wakapofuka. Sikuitarajia Pwani.

Methanoli hulewesha kama pombe nyingine. Balaa huja ini likiigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva ya jicho. Kwa kawaida huchukua saa 12 hadi 24, na ikichanganywa na pombe ya kawaida huchelewa zaidi, kwani ini huanza na ile ya kawaida. Kwa hiyo uliza alikunywa saa ngapi. Mlevi hupata nafuu kadiri saa zinavyopita, huyu huzidiwa. Muulize macho. Hesabu pumzi dakika nzima: yule kijana alivuta 36, nzito kama aliyetoka mbio, na kifua chake kisafi. Kisukari nacho huleta pumzi hizo, basi pima sukari.

Tiba ni dawa ya fomepizoli, au ethanoli (pombe ya kawaida) ya kipimo cha daktari, na kusafisha damu kwa mashine. Nyumbani usimwongeze pombe, usimtapishe. Akisinzia mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Kisha uliza alikunywa na nani. Kijana wetu alipona, ingawa macho hayakurudi kama zamani. Mwenzake tulimpigia simu asubuhi ileile, akasema yuko sawa kabisa, ila jua la leo linamuumiza macho. Tukamwambia apande tuktuk aje sasa hivi.