Mama aliondoka nikiwa nimelala, leo mume akichelewa nafungasha begi

Mwanangu wa Mbagala, marahaba. Barua yako ndefu na wasomaji wenzako hawajaiona, ngoja niifupishe. Una miaka 31, una mume na binti wa miaka minne. Wewe ulipokuwa na minne hiyohiyo mama yako alienda Oman kufanya kazi za ndani, akaondoka alfajiri ukiwa umelala ili usilie, ukaamka ukakuta kanga yake tu kitandani. Akakulea shangazi, mama akarudi ukiwa darasa la tano ukamwamkia kama mgeni. Sasa mumeo akichelewa halafu simu haipatikani moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, na mara tatu amekukuta umeshafungasha nguo zako na za mtoto kumbe yeye alikuwa kwenye foleni tu. Unauliza kama ni wazimu, kama ni jini, na kama kwenda kwa mwanasaikolojia ni kumsema mama vibaya.

Huna wazimu. Nimeanza na hilo maana najua ndilo linalokunyima usingizi.

Kuna kitu umekigusia kwa mstari mmoja tu ukapita, mimi nimekaa nacho siku mbili. Umesema ulikuwa unalala na ile kanga mpaka siku shangazi alipoifua, ukalia mpaka ukatapika na watu wazima wakacheka, eti mtoto ana deko. Ile haikuwa deko mwanangu. Harufu ile ndiyo ilikuwa imebaki ya mama, na ilipoisha kwenye kitambaa ndiyo siku uliyoagana naye, peke yako, bila mtu wa kukupakata.

Mtoto wa miaka minne hajui mkataba wala Muscat wala ada ya shule, anachojua ni kwamba nililala nikaamka hayupo, basi mwili wake unajifunza kukesha. Mwaka 1954 na 1955 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akikaa na akina mama 26 majumbani kwao, anaangalia tu watoto wadogo wanavyoishi na mama zao. Akaona mtoto anatambaa anaenda kuchezea kitu, anageuka kumtazama mama, akimwona yupo anaendelea mbele zaidi. Yaani mtoto anapata ujasiri wa kwenda mbali kwa sababu ana pa kurudia. Wewe uligeuka ukakuta kanga. Ndio maana mpaka leo simu isipopatikana anayeamka ndani yako ni yule wa miaka minne, ila safari hii ana uwezo wa kufungasha, anaondoka yeye kabla hajaachwa.

Na kusema hivi sio kumsema mama yako. Alikwenda kukutafutia maisha, na wewe uliumia, yote mawili ni kweli na huhitaji kufuta moja ili lingine likae.

Dua endelea nayo, sikukatazi, ila nenda na hospitali. Daktari akupime kwanza presha na moyo maana mapigo kwenda mbio yana sababu nyingi, kisha muombe akuelekeze kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa wanacho, Muhimbili pia. Sio lazima uwe unaokota makopo ndio uende pale. Utakaa na mtu kwenye chumba kama saa moja hivi, mara nyingi ni kila wiki, atakuuliza na atasikiliza, mambo yako hayatoki nje isipokuwa kama kuna maisha ya mtu hatarini. Hakuna anayekulazimisha kueleza yote siku ya kwanza. Siku zingine utatoka umechoka kama uliyelima, ni kawaida. Na ukiona huyo mtu hamuendani omba mwingine.

Wifi yako anayesema ni mambo ya kizungu mwambie kule Harare tangu 2006 mabibi wa mtaani walifundishwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati wakiongea nao shida zao, utafiti uliotoka 2016 ukaonyesha waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa ya sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ni mazungumzo, ila yana mpangilio na anayeyaongoza amefundishwa.

Mumeo naye mweleze habari ya kanga, usimweleze begi peke yake. Mkubaliane akiona foleni imeshika au chaji inaisha atume meseji mapema.

La mwisho, na hili sitaki lisubiri hospitali. Umeandika kwamba asubuhi ukienda kazini unamtoroka binti yako akiwa amelala ili asilie. Sidhani kama uliliona ulipoliandika. Kesho muamshe, muage, mwambie unaenda wapi na utarudi saa ngapi kwa lugha yake, kwamba nikirudi tutakula wote wali wa jioni. Atalia. Mkumbatie, umuachie bibi au dada mikononi sio mlangoni, uende, na jioni ukirudi mwambie, unaona, nilisema nitarudi.

Ukishaanza kliniki niandikie.