Kujifunza tapu kwa sinema za zamani: tanguliza sikio

Wengi wanaoanza dansi ya tapu, yaani dansi ya kupiga milio kwa viatu vyenye vibati vya chuma, siku hizi hujifunzia kwenye simu. Wanatafuta vipande vya sinema za muziki za Marekani za miaka ya 1930 na 1940, wanamtazama Fred Astaire au Eleanor Powell, kisha wanasimama sebuleni kuiga. Si njia mbaya, mradi ujue mapema kwamba milio unayoisikia humo mara nyingi haikutoka kwenye miguu siku ile unayoiona.

Mcheza tapu wa studio alikuwa na kazi mbili kwa ngoma moja. Muziki ulirekodiwa kwanza, ukapigwa kwa plebeki, yaani ulirudiwa kwenye spika, naye akacheza mbele ya kamera. Sakafu ya seti ilitengenezwa kufurahisha macho: inang'aa kama maji, lakini mlio wake hafifu, na kelele za mafundi zimejaa pale. Kwa hiyo picha ikishakatwa na kuunganishwa, mchezaji aliingia chumba cha sauti, akavaa hedifoni, akasimama juu ya ubao mbele ya skrini na kucheza upya huku akijitazama, ili kila mlio uangukie palepale mguu unapogusa sakafu. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Mlio ukichelewa picha mbili tatu, mtazamaji anahisi kuna kasoro hata asipojua ni nini. Pengine kazi hiyo ilifanywa na mtu mwingine kabisa: milio mingi ya Ginger Rogers, mwenzake Astaire wa kucheza, ilipigwa na Hermes Pan, msaidizi wa Astaire katika kutunga dansi.

Kwa hiyo usiridhike na video yako. Rekodi sauti tupu, weka simu chini mita mbili kutoka ulipo, kisha sikiliza umefumba macho. Kama huwezi kuhesabu milio yako mwenyewe, hatua hiyo bado hujaijua, hata kama kwenye kioo inapendeza.

Tuanze na viatu, maana hapo ndipo pesa hupotea. Kiatu kiwe na soli ya ngozi. Soli ya mpira haishiki skrubu vizuri na huua mlio. Vibati ni viwili kwa kila kiatu, kimoja mbele na kimoja kisiginoni, na kwa kawaida kila kimoja hushikwa na skrubu tatu. Ukimpelekea fundi viatu, mwambie ukingo wa kibati ulingane na ukingo wa soli. Kikijitokeza hata kidogo, kitakwama sakafuni na utaanguka kifudifudi. Skrubu zikikazwa zote, mlio unakuwa mkavu na safi. Zikilegezwa kidogo, unapata mtetemo wanaoupenda wengine. Anayeanza azikaze, kwa sababu kibati kinachocheza hukuongezea milio ambayo hukuipiga, nawe utadhani umeweza. Kagua kabla ya kila zoezi. Tundu likishalegea kwenye ngozi, pachika kijiti cha kiberiti chenye gundi kisha rudisha skrubu ileile. Usitafute skrubu ndefu zaidi, itatokea ndani na kukuchoma wayo.

Sakafu ya zege au vigae achana nayo. Zege halinesi, kwa hiyo nguvu yote unayoipiga inarudi kwenye mifupa ya muundi, na baada ya wiki mbili tatu maumivu ya mbele ya mguu yatakusimamisha. Vigae vinateleza na vinapasuka. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ukiikata katikati inakupa mbao mbili za kama mita 1.2 kwa 1.2. Moja inatosha. Itandike juu ya zulia au mkeka mnene, na usiipake vanishi.

Msingi wa hatua zote ni shafuli: wayo unafagia mbele, unafagia nyuma, milio miwili iliyo sawa. Kosa la kila mtu ni mlio wa mbele kuwa mkubwa na wa nyuma kufifia. Sababu ni kifundo kilichokakamaa na mguu unaorushwa mbali mno. Kunja kidogo goti la mguu uliosimama, uzito uwe mbele ya wayo, acha mguu mwingine uning'inie kutoka gotini, na mfagio usizidi urefu wa wayo wako. Flapu nayo ina milio miwili, kufagia mbele kisha kukanyaga. Wengi huimeza ikawa mlio mmoja. Krampu-roli ni milio minne: mbele ya wayo wa kulia, mbele ya wayo wa kushoto, kisigino cha kulia, kisigino cha kushoto. Ikisikika kama farasi anayekimbia, visigino vyako vinaanguka pamoja.

Kisha taimu-stepu, ambayo mcheza tapu yeyote wa zama zile alitegemewa kuijua usingizini. Ile ya kwanza inaanzia pigo la nane: shafuli, ruka kwa mguu uliosimama, kanyaga, flapu, kanyaga. Ni milio saba. Badala ya kanyago la kwanza ukiweka flapu, umepata ya pili yenye milio minane. Ukiweka shafuli na kanyago, ya tatu yenye tisa. Hupigwa mara sita kwa kubadilisha miguu, kisha hatua ya kuvunja, yaani ya kufungia mfululizo, inayochukua nafasi ya mara mbili. Weka metronomu, chombo cha kuhesabia mapigo, kwenye 80 kwa dakika, na usipandishe kasi mpaka sauti uliyorekodi iwe safi mara tano mfululizo. Zile hesabu za milio 500 kwa dakika alizotangaziwa Ann Miller, nyota wa tapu wa sinema, zilikuwa za kuuzia tiketi, zisikunyime usingizi.

Unapotazama, mchague mtu kwa unachotaka kujifunza. Bill Robinson, aliyezaliwa mwaka 1878, alicheza juu ya mbele ya wayo, mwili umenyooka, viatu vya soli ya mbao. Mtazame akipanda ngazi na nyota mtoto Shirley Temple mwaka 1935 uone jinsi kila kidato kilivyopewa mlio wake. John Bubbles ni kinyume chake, yeye aliviingiza visigino kama ngoma ya besi. Eleanor Powell alitoka kwenye baleti na mwili wake ulikuwa ukivutwa juu. Mwalimu wake Jack Donahue alimfunga mkanda wenye mifuko ya mchanga kiunoni ili uzito ushuke sakafuni. Ukitokea kwenye baleti, utahitaji dawa hiyohiyo. Ndugu wawili Nicholas, Fayard na Harold, katika *Stormy Weather* ya 1943 wanarukiana kwenye ngazi na kutua wamepasua msamba. Tazama, furahi, usijaribu. Nyonga na misuli ya nyuma ya paja haitengenezwi kwa wiki sita.

Usidhani pia kwamba orodha ya nyota ndiyo orodha ya waliojua kazi. Jeni LeGon, mchezaji Mweusi, alisainiwa na studio ya MGM mwaka 1935, kisha mkataba ukavunjwa muda si mrefu. Ngoma za ndugu Nicholas, nao Weusi, ziliwekwa kando ya hadithi, na majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani, kulikokuwa na ubaguzi wa rangi, yaliweza kuzikata bila hadithi kupungukiwa. Kwa hiyo tafuta vipande vifupi vya dakika tatu vya wachezaji Weusi, hata pale majina yao yalipoandikwa kwa herufi ndogo. Humo mna mafunzo kuliko sinema nzima ya mapenzi.

Ukijirekodi kwa picha, fuata kanuni ya Astaire: mwili mzima ndani ya fremu, kamera chini, bila kukata. Alifanya mazoezi kwa wiki kadhaa kabla ya kamera kuwashwa, na hata hivyo ngoma ya mwisho ya *Swing Time* ya 1936 ilirudiwa zaidi ya mara 40 mpaka miguu ya Rogers ikatoka damu. Wewe usifike huko. Dakika 25 kwa siku zinatosha miezi mitatu ya kwanza, tano zake za kuzungusha vifundo kabla ya kuvaa viatu. Muundi ukiuma unapoubonyeza kwa kidole, pumzika siku mbili na ukague mkeka ulio chini ya ubao. Huenda umeshasagika ukawa bapa.