Kinachouzwa Pale ni Muda wa Mgeni

Wiki hii jarida limetuuliza wasomaji: ukiwa matembezini katika nchi ya kigeni, askari akakusimamisha na kukudai kitu kidogo, utatoa ili uendelee na safari yako au utakataa? Jibu langu ni kwamba nitakataa, na sababu kubwa si ucha Mungu, ingawa huo nao nautaka, bali ni kwamba nimekwisha kuona biashara ile inavyoendeshwa na nimeelewa kuwa askari hana bidhaa ya kuniuzia ila muda wangu mwenyewe.

Mwenyeji akikamatwa na trafiki anaweza kusema haya, andika kosa, tutaonana mahakamani, kwa sababu wiki ijayo atakuwa bado yupo na pengine ana binamu anayemjua wakili. Mgeni ana tiketi ya kurudi, chumba cha hoteli alichokwisha kulipia, watoto wenye njaa, na pasipoti iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Husemwa kuwa watalii hulengwa kwa sababu wana fedha. Hiyo ni nusu tu ya habari, kwani wenyeji wenye fedha kuwapita wapo. Mgeni hulengwa zaidi kwa sababu siku kesi itakapoitwa, shahidi atakuwa keshapanda ndege.

Sisi tunaoishi Muscat hupenda kwenda Thailand joto la kwetu likizidi. Katika mji mmoja wa pwani shemeji yangu alikodi pikipiki akiwa na leseni ya Oman peke yake, bila ile ya kimataifa, nami nikiwa nimepakiwa nyuma, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Askari alikuwa mpole kabisa. Alitoa karatasi iliyofunikwa plastiki yenye orodha ya makosa kwa Kiingereza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha akaandika 2,000 kwenye simu yake na kutugeuzia kioo bila kutamka neno. Chini ya ubao wake wa kuandikia zilikuwa zimechomoza ncha za noti. Shemeji alikwisha kuanza kuhesabu. Nikamwambia, "Shemeji, ngoja kwanza," nikamwomba askari stakabadhi. Akafuta, akaandika 1,000. Nikaomba stakabadhi tena kwa heshima ileile, nikaongeza kuwa tuko tayari kwenda kituoni na wala hatuna haraka, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Tuliwekwa juani kwenye viti vya plastiki mpaka zamu yao ilipokaribia kwisha, ndipo tukapelekwa kituoni, tukalipa baht 500 na kupewa karatasi yenye mhuri. Shemeji hadi leo anadai kuwa jua lile lilikuwa ghali kuliko baht 1,500 tulizookoa, na sina hoja ya kumshinda.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha Bangkok, Januari 2023, pale Charlene An, mwigizaji kutoka Taiwan, alipoeleza kuwa yeye na wenzake walizuiliwa usiku kwenye kizuizi cha polisi na kuachiwa baada ya kutoa baht 27,000. Polisi walianza kwa kukanusha, lakini baadaye askari kadhaa walisimamishwa kazi. Kilichotumiwa kumbana kilikuwa sigara ya kielektroniki, kitu ambacho Thailand imepiga marufuku kukiingiza nchini tangu 2014 huku mitaani kikipatikana bila shida. Sheria ya namna hiyo ni hazina kwa askari, maana hana haja hata ya kumzulia mgeni kosa. Na mwigizaji huyo alisikilizwa kwa sababu ana jina. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda kununua nguo Bangkok angesikilizwa na nani?

Wanaosema kuwa kutoa ni kumaliza shida wakumbuke kuwa kifungu cha 144 cha sheria ya jinai ya Thailand kinamwadhibu mtoaji pia, hadi miaka mitano jela, kwa hiyo kosa lililokuwa la faini ndogo hukua mara noti inapobadili mkono, na aliyekudai anaweza kugeuka kuwa shahidi dhidi yako. Ni afadhali kupiga 1155, simu ya polisi wa utalii wa huko, mbele ya askari huyohuyo. Sizungumzii barabara tupu usiku na mtu mwenye bunduki: huo ni unyang'anyi, toa uondoke salama, kisha ukaripoti ubalozini.

Wala sikubaliani na wanaodai kuwa nchi fulani ndivyo zilivyo na hazibadiliki. Georgia, ambako watu wa Ghuba wanamiminika siku hizi, ilisifika kwa trafiki wala rushwa hadi 2004, serikali ilipowafukuza takriban 16,000 kwa mkupuo, ikaajiri wapya kwa mishahara iliyo bora na kujenga vituo vya polisi vyenye kuta za vioo. Mtalii hawezi kufanya hayo, lakini anaweza kuacha kuilisha rushwa, na hapo wa kubanwa ni wale wanaomwandaa kabla hajasafiri. Wakala aliyetukatia tiketi alitushauri, mbele za watu na bila kupunguza sauti, tuweke noti ndani ya pasipoti "ili mambo yaende". Ningeomba jarida liwapelekee na mawakala swali hilihili.