Siri za The Fellowship of the Ring: utazame nini

Ndugu, umeuliza kwa nini umeirudia filamu hii ya 2001, ya kwanza kati ya tatu za The Lord of the Rings, kwenye simu na bado huoni hata kimoja kati ya vitu vilivyofichwa. Kosa si macho yako. Nakala ya ubora mdogo hugeuza sehemu za giza kuwa weusi mtupu, na nakala iliyotafsiriwa na DJ hufunika sauti. Tafuta toleo refu lenye sauti asilia, ubora usiopungua 1080p, utazame kwenye skrini kubwa usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Anza na pete ya uchawi inayobeba hadithi nzima. Bilbo, mzee aliyekuwa nayo, anapoiachia mlangoni inatua kwa kishindo kizito na hairuki hata kidogo, maana sakafu ilitegwa sumaku. Bila spika nzuri au hedifoni, nusu ya utamu imekupita.

Pale Bree, mji mdogo wanaopitia mashujaa wetu, mtu anayetafuna karoti mvuani ni mwongozaji mwenyewe, Peter Jackson. Ni sekunde chache tu, kwa hiyo simamisha picha. Frodo, kijana aliyerithi pete, akiwa amelala na jeraha lake, angalia nyuma yake: yale mawe makubwa ni majitu waliokutana na Bilbo zamani, wakageuka mawe.

Ninachokipenda kuliko vyote kiko mwishoni. Boromir, shujaa wa ufalme wa Gondor, akishakufa, mwenzake Aragorn anavaa vikinga mikono vya ngozi vya marehemu, vyenye alama ya mti wa Gondor. Hakuna anayelitaja jambo hilo. Simamisha anapokaza kamba zake, kisha uvifuatilie mikononi mwake katika filamu mbili zinazofuata.